Kuwinda vibanzi: shajara ya mradi wa kuboresha nyavu

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi moduli ya kuboresha nyavu katika programu yetu ya uigaji. Mtumiaji analeta umbo la kifaa chake, programu inalijaza tetrahedroni, yaani vipande vidogo vyenye vipeo vinne na nyuso nne za pembetatu, halafu kitatuzi kinakokotoa mkazo ndani ya kila kipande. Kipande kimoja tunakiita elementi, na vyote vikiungana ndio wavu. Kujaza tunaweza. Tunachoshindwa ni kuviondoa vile vipande vichache vinavyozaliwa vibaya.

Kilichonisukuma ni jaribio la mgongano la wiki iliyopita. Breketi ya chuma yenye matundu mawili na ubavu mwembamba katikati inagongwa, na sisi tunataka kuona milisekunde 10 tu. Kitatuzi tulichotumia hakiruhusiwi kupiga hatua ya muda iliyo ndefu kuliko ule ambao wimbi la sauti linahitaji kuvuka elementi nyembamba kuliko zote. Ndilo sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928. Sauti hupita kwenye chuma kwa karibu mita 5,900 kwa sekunde. Elementi zetu nyingi zina kimo cha milimita 2 hivi, kwa hiyo kazi yote ilipaswa kuisha kwa hatua kama 30,000. Programu ikatangaza karibu hatua milioni 3.

Nilitafuta mpaka nikaipata. Katikati ya ubavu kulikuwa na tetrahedroni moja yenye kimo cha milimita 0.02. Moja, kati ya zaidi ya elfu themanini. Hiyo ndiyo iliyoamua kasi ya zote.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo: kazi hii sitaipima kwa wastani wa ubora. Nitaipima kwa elementi iliyo mkiani.

Siku ya 2

Siku nzima imeishia kwenye kipimo, na ilistahili.

Kipimo tulichokuwa nacho kinachukua nusukipenyo cha tufe linalopita kwenye vipeo vyote vinne na kukigawanya kwa ukingo mfupi kuliko yote. Kinapendwa kwa sababu nyavu za Delaunay, zilizopewa jina la mwanahisabati Mrusi aliyezieleza mwaka 1934, zinakidhibiti kwa urahisi. Tetrahedroni sawia, ile ambayo kingo zake sita zina urefu mmoja, hupata 0.612. Sasa chukua tufe, weka nukta nne kwenye ikweta yake kama kona za mraba, kisha inua mbili zinazotazamana kwa unywele mmoja. Umepata kitu bapa, karibu hakina ujazo kabisa, lakini uwiano wake ni 0.707. Kwa kipimo hicho kinakaa jirani na tetrahedroni sawia. Kitu hicho nakiita kibanzi, na ile yetu ya ubavuni ilikuwa kibanzi cha aina hiyohiyo. Kipimo chetu kilikuwa kikiipitisha bila kuiuliza swali.

Nimehamia kwenye kipimo kinachotazama ujazo: zidisha ujazo kwa 6 na kwa kipeuo cha pili cha 2, kisha gawanya kwa urefu wa wastani wa kingo (wastani wa miraba yake, si ule wa kawaida) uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Tetrahedroni sawia inapata 1, bapa inapata 0, iliyopinduka inapata namba hasi. Pembeni nachapisha pembe kati ya kila nyuso mbili, ndogo na kubwa, kwa sababu madhara yake hayafanani. Pembe ndogo sana huichafua matriksi, yaani jedwali la namba za milinganyo, kitatuzi kikahangaika. Pembe inayokaribia nyuzi 180 huharibu makadirio ya mteremko, yaani mkazo wenyewe. Babuška na Aziz walilithibitisha jambo hilo kwa pembetatu mwaka 1976. Kibanzi kina zote mbili kwa pamoja.

Jambo moja la kukumbuka baadaye nikianza kuwa na tamaa: 1 kila mahali haiwezekani. Pembe kati ya nyuso za tetrahedroni sawia ni nyuzi 70.53. Panga tano kuzunguka ukingo mmoja, unafika nyuzi 352.6, na pengo la nyuzi 7 na ushei linabaki. Aristoteli aliamini kwamba zinajaza nafasi bila kuacha pengo, na kosa hilo liliishi karne nyingi.

Siku ya 4

Nimeanza na mbinu ambayo kila mtu huanza nayo: peleka kila kipeo cha ndani kwenye wastani wa majirani zake, rudia mara chache. Msimbo haukufika mistari thelathini. Wastani wa ubora ukapanda tangu mzunguko wa kwanza. Nikakagua jumla ya ujazo, kabla na baada, zikalingana hadi tarakimu ya mwisho. Nikafurahi.

Kitatuzi kikakataa kuanza. Determinanti, namba ambayo alama yake huonyesha kama elementi imesimama sawa au imepinduka, ilikuwa hasi katika elementi 31.

Nilipoteza saa tatu kumtafuta mchawi kwingine, kwa sababu ukaguzi wangu wa ujazo ulikuwa umepita. Ndipo nikaelewa kwamba ukaguzi wenyewe haukuwa unakagua kitu. Jumla ya ujazo wenye alama inategemea uso wa nje peke yake. Usipogusa uso wa nje, unaweza kuvuruga ndani unavyotaka: elementi iliyopinduka inaingia na namba hasi, jirani aliyetanuka juu yake anaingia na ziada ileile, na jumla haitikisiki. Nimeongeza jumla ya pili, ile isiyojali alama. Jumla mbili zikitofautiana, kuna kilichopinduka. Ukaguzi huu sasa unaendeshwa baada ya kila hatua, na sitauondoa hata moduli ikikamilika.

Kuhusu mbinu yenyewe, tatizo linajulikana: kwenye sehemu iliyobonyea, wastani wa majirani unaweza kuangukia nje ya eneo ambalo kipeo kinaruhusiwa kukaa. Nimebadili sharti. Kipeo kinahama iwapo tu elementi mbaya kuliko zote zinazokigusa inapata nafuu, la sivyo kinarudi kilikokuwa. Hakuna tena kupinduka. Lakini vibanzi vingi vimebaki vilevile, maana wastani wa majirani haujui chochote kuhusu kibanzi.

Siku ya 5

Nimeacha wastani wa majirani. Sasa kwa kila kipeo natafuta mwelekeo unaoipandisha elementi yake mbaya. Ugumu ni kwamba ukiipandisha moja, nyingine inashuka kuwa ya mwisho, na kipeo kinabaki kuyumba kushoto kulia bila kufika. Dawa ni kukusanya miteremko ya zote zinazofungana mkiani na kutafuta mwelekeo mmoja unaozipandisha pamoja. Usipokuwapo, kipeo kimefika mwisho wake. Inafanya kazi, taratibu.

Siku ya 8

Siku tatu za kubadili miunganisho, na hapa ndipo mradi ulipopata uhai.

Kusogeza vipeo hakubadili nani ameungana na nani. Kibanzi kikiwa na vipeo vinne ambavyo havikupaswa kuungana tangu mwanzo, unaweza kuvisukuma mpaka kesho. Inabidi uvunje na kuunga upya. Badiliko dogo kabisa: tetrahedroni mbili zinazoshirikiana uso mmoja zinavunjwa, vipeo viwili vya mbali vinaunganishwa kwa ukingo mpya, zinazaliwa tatu. Na kinyume chake: tatu zinazozunguka ukingo mmoja zinakuwa mbili.

Hayo mawili peke yake yalipunguza vibanzi, kisha yakakwama. Yaliyobaki mengi yalikuwa kwenye kingo zinazozungukwa na tetrahedroni tano, sita au saba. Kuondoa ukingo kama huo maana yake ni kuchukua pete ya vipeo inayouzunguka na kuigawa upya kuwa pembetatu, kisha kila pembetatu inaunganishwa na ncha mbili za ukingo wa zamani. Pete ya vipeo 5 ina njia 5 za kugawika. Ya 6 ina 14, ya 7 ina 42, ya 8 ina 132. Nilianza kuziandika kwenye jedwali kwa mkono, nikafika 6, nikaona huu si ufundi. Klincsek alionyesha mwaka 1980 kwamba mgawanyo bora wa poligoni unaweza kupatikana bila kuhesabu njia zote: tatua vipande vifupi vya pete, hifadhi majibu, jenga virefu juu yake. Msimbo umekuwa mfupi kuliko jedwali langu la 6.

Kwa pete ya 7, tetrahedroni saba zinakuwa kumi. Idadi inaongezeka, na mwanzoni hilo lilinikera. Sasa halinikeri. Elementi tatu za ziada zenye afya hazigharimu kitu ukilinganisha na kibanzi kimoja.

Foleni nimeipanga kuanzia mbaya kuliko zote. Kila badiliko linakubaliwa iwapo tu mbaya kuliko zote kati ya zinazozaliwa ni bora kuliko mbaya kuliko zote kati ya zinazokufa. Sentensi hiyo ndiyo kiini cha moduli nzima, na nimeiandika juu kabisa ya faili ili atakayeipokea kazi hii asije akaibadilisha kuwa wastani.

Siku ya 10, usiku

Programu haimalizi. Iliachwa ikiendelea tangu saa tisa alasiri, na sasa ni saa nne usiku.

Siku ya 11

Nimeipata. Kulikuwa na vipeo vitano vilivyokuwa vikicheza mbili-kuwa-tatu, kisha tatu-kuwa-mbili, kisha tena, bila kikomo. Kila upande ulidai umeboresha.

Haiwezekani kila upande uwe bora kuliko mwingine, kwa hiyo hesabu yenyewe ilikuwa inasema uongo. Breketi ilichorwa kwenye mfumo wa mashine nzima, na chanzo cha mihimili, yaani mahali pa sifuri, kiko mbali nayo: namba za vipeo zilikuwa karibu milimita 84,000. Msimbo wangu wa ujazo ulizidisha namba hizo tatu tatu moja kwa moja, bila kutoa kwanza kipeo kimoja kutoka kwa vingine. Zao la namba tatu za ukubwa huo linakaribia 6 ikifuatiwa na sifuri kumi na nne. Namba ya desimali ya kompyuta hubeba tarakimu 15 au 16 za maana, basi mkato wa mwisho unaacha kosa linalokaribia moja ya kumi ya milimita ya ujazo. Kibanzi chenye upana wa milimita 2 na kimo cha 0.02 kina ujazo mdogo kuliko kosa hilo. Nilikuwa napima punje kwa mizani ya magunia.

Marekebisho ni matatu. Kwanza, umbo lote linahamishwa karibu na sifuri kabla ya kazi na kurudishwa baadaye. Pili, swali la kama tetrahedroni imesimama sawa au imepinduka linajibiwa kwa njia aliyochapisha Jonathan Shewchuk mwaka 1997, ambayo huanza na hesabu ya haraka na kuongeza tarakimu pale tu ambapo alama bado ina mashaka. Tatu, badiliko halikubaliwi bila nafuu inayozidi kizingiti kidogo nilichokiweka. Kazi ya jana iliyoshindwa kuisha imeisha leo kabla sijainuka kwenye kiti.

Siku ya 12

Vipeo vya uso wa nje. Hadi leo nilikuwa nimevifunga, na vibanzi vingi vilivyobaki vimekaa hapohapo, chini ya ngozi. Sasa kila kipeo kina uhuru wake: cha kona hakisogei, cha ukingo kinateleza juu ya ukingo, cha uso bapa kinateleza ndani ya bapa, cha uso wa mviringo kinateleza kisha kinarudishwa juu ya umbo halisi la mchoro. Hilo la mwisho nimelisisitiza kwa sababu tundu la breketi hubeba bolti, na wavu mzuri wa tundu lisilo la kipenyo chake hauna faida kwa mtu yeyote.

Siku ya 14

Siku ya kupotea, naiandika kwa sababu mwingine atapotea hapohapo.

Mwenzangu anayeshughulikia kitatuzi alileta picha: kwenye kona ya ndani, ubavu unapokutana na bamba, mkazo ulikuwa mkali sana. Akadhani ni wavu. Nami nikadhani ni wavu. Nikaangalia elementi za hapo, zote zilikuwa na afya njema. Nikapunguza ukubwa wake kwa nusu, mkazo ukapanda. Nikapunguza tena, ukapanda tena kwa kiasi kilekile, karibu asilimia 37 kila mara.

Kiasi hicho kisichobadilika ndicho kilichonifumbua macho. Kona ya ndani ya nyuzi 90 iliyochorwa kali kabisa, bila mviringo wowote, ina mkazo usio na kikomo katika nadharia ya unyumbufu. Unakua unapoikaribia kona kwa kipeo (cha hesabu, si kona ya elementi) kinachokaribia 0.455, na 2 ikipandishwa kwa kipeo hicho ni 1.37. Wavu ulikuwa unasema ukweli kuhusu mchoro usio wa kweli, kwa sababu hakuna kona ya chuma isiyo na mviringo hata kidogo. Tukaweka mviringo wa milimita 3, na mkazo ukatulia kwenye namba moja hata tulipoendelea kupunguza elementi.

Siku ya 17

Kusogeza na kuunga upya kumefika mwisho wa uwezo wake. Vimebaki vibanzi vichache, na kila badiliko ninalojaribu linakataliwa. Freitag na Ollivier-Gooch walionyesha mwaka 1997 kwamba mbinu hizo mbili pamoja zinashinda kila moja peke yake, na nimeliona kwa macho yangu. Ila Klingner na Shewchuk, mwaka 2007, waliongeza ya tatu: kuingiza kipeo kipya. Kwa zote tatu waliweza mara nyingi kuzileta pembe zote kati ya nyuzi 31 na 149.

Nimeandika toleo jepesi la wazo hilo. Unachimba shimo kuzunguka kibanzi kwa kuondoa majirani wanaomzidi kidogo tu ubora, unaweka kipeo kimoja katikati, unakiunganisha na kila pembetatu ya ukuta wa shimo, kisha unakisogeza kwa mbinu ya siku ya 5. Shimo likiwa dogo mno, hakuna nafuu. Likiwa kubwa mno, kipeo hakioni kuta zote na zinazaliwa zilizopinduka. Kwa hiyo najaribu ukubwa kadhaa na kuchukua bora. Ni polepole. Naliacha liwe polepole, kwa sababu linaitwa kwa elementi chache tu zilizoshindikana kwa njia nyingine, na muda wake ni mdogo mno mbele ya muda wa kitatuzi.

Sijafikia 31. Kwenye breketi pembe ndogo ya ndani imesimama kwenye 24, na kibanzi cha ubavuni kimekufa.

Siku ya 19

Elementi za nodi 10: nodi ni nukta ambako kitatuzi kinakokotoa msogeo, nne kwenye vipeo na sita katikati ya kingo. Kwa kazi za kupinda hatutumii tetrahedroni za nodi 4, maana ni ngumu kupita kiasi na hutoa mpindo mdogo kuliko wa kweli. Lakini nodi ya katikati ya ukingo inapovutwa kukaa juu ya ukuta wa tundu, elementi nyembamba inaweza kujikunja ndani yake yenyewe ingawa vipeo vyake vinne viko sawa. Tulikuwa tunakagua determinanti kwenye nukta za kukokotolea tu, na mkunjo unaweza kujificha kati ya nukta hizo.

Kwa elementi hii determinanti ni polinomia ya daraja la tatu, nayo ikiandikwa kwa mtindo wa Bézier ina namba 20. Polinomia haishuki chini ya namba ndogo kati ya hizo, kwa hiyo zote zikiwa chanya, elementi ni salama kila mahali. Njia hiyo imeelezwa vizuri na Johnen, Remacle na Geuzaine mwaka 2013. Zikipatikana hasi, nagawanya na kuuliza tena. Ikithibitika imekunjika, nodi inarudishwa taratibu kuelekea katikati ya ukingo mnyoofu.

Siku ya 21

Jaribio la mgongano, breketi ileile, milisekunde 10.

Hatua 190,000 hivi. Kutoka karibu milioni 3 ni nafuu kubwa, lakini nilitegemea elfu arobaini au hamsini. Nikaiuliza programu ni elementi ipi inayoshika muda sasa. Haikuwa ubavuni. Ilikuwa pembezoni mwa bamba, mahali ambapo mchoraji aliushusha uso wa juu kwa mteremko mpaka ukakutana na wa chini, kama makali ya kisu. Pembe kati ya nyuso hizo mbili za mchoro ni nyuzi 9. Tetrahedroni yoyote inayoushika ukingo huo lazima iingie ndani ya nyuzi 9. Kwa ukingo wa milimita 2, kimo chake hakiwezi kuzidi milimita 0.31, na hesabu hiyo inatoa hatua zilezile 190,000. Moduli ilikuwa imefanya yote yaliyowezekana kufanywa hapo.

Nimemwandikia mwenzangu wa uchoraji nikimwonyesha ukingo huo. Amejibu kabla ya jioni: "Ule mteremko hauna kazi yoyote, niliuweka kwa ajili ya sura tu. Nautengenezea ukuta wa milimita 2, nikutumie upya."

Mchoro mpya umefika saa moja usiku. Hatua: 41,000.

Kesho naongeza onyo: kabla ya kujaza wavu, programu ipitie kingo zote za mchoro na kumwonyesha mtumiaji kila mahali ambapo nyuso mbili zinakutana kwa chini ya nyuzi 20, kwa rangi nyekundu, juu ya umbo lenyewe.